Ukuta wa Nyuma wa Kizimba cha Vyura: Shemeji Aliweke Chini Kopo la Povu Kwanza

SWALI: Naishi Hamburg na familia yangu, kwetu Tanga. Kijana wetu wa miaka 13 amenunuliwa vyura wawili wa mitini wa Australia, wale wa kijani wanene. Kwa sasa wako kwenye boksi la plastiki tulilopewa na mfugaji aliyetuuzia. Kizimba chao cha kioo, sentimita 45 kwa 45 na kimo 60, kimekuja na ukuta wa nyuma wa stairofomu. Mume wangu anataka kuung'oa, apulize povu la ujenzi, alipake silikoni iliyobaki tulipokarabati bafu, kisha abandike usumba ili pafanane na msitu. Anasema wafugaji wengi hufanya hivyo. Mimi harufu ya vitu hivyo inanitia shaka. Je, ni salama? Na kama si salama, tuweke nini?

JIBU: Dada, shaka yako ina msingi, ingawa si kila alichopanga shemeji ni kibaya. Silikoni iliyobaki bafuni isiingie kizimbani hata tone. Povu linaweza kutumika kwa masharti mengi, lakini kwa vyura wa aina hii sioni litawasaidia nini. Usumba hauna sumu, ila una matatizo mengine. Kizimba hicho kingekuwa changu, ningepandisha ukuta wa gome la mwaloni, lile linalokatwa vizibo vya chupa za mvinyo, na ningelishika kwa silikoni ya matangi ya samaki.

Acha nieleze sababu, maana ukizishika utaweza kupima hata kitu ambacho sitakitaja hapa.

Chura hanywi maji kwa mdomo. Usiku, taa zikizimwa, mwambie kijana awaangalie wakiwa kwenye bakuli la maji. Chura hukaa ametanua miguu ya nyuma, tumbo limelala bapa majini, ametulia kimya. Hapo ndipo anapokunywa. Ngozi ya chini ya tumbo na ya mapajani ni nyembamba, ina vijipele vidogo vidogo, na nyuma yake imejaa mishipa ya damu. Maji hupenya hapo moja kwa moja hadi mwilini, na chochote kilichoyeyuka ndani yake huingia nayo. Hata sehemu ya hewa anayovuta hupitia ngozini.

Sasa mwangalieni mchana. Amejibandika ukutani, miguu ameikunja, macho ameyafumba, na tumbo lile lile limegusa ukuta tangu asubuhi hadi jioni. Mkinyunyiza maji yanateremka ukutani, yanapita chini ya tumbo lake, yanaishia kwenye udongo na kwenye bakuli analonywea. Kwa hiyo anayechagua kitu cha kuweka ukutani anachagua pia maji ya chura. Mjusi anaweza kukaa juu ya ukuta uleule kwa miaka asidhurike kwa kuwa ngozi yake ina magamba. Ndiyo sababu ushauri wa wafugaji wa mijusi na nyoka msiuchukue mzima mzima. Tena chura huyu akitunzwa vizuri huishi zaidi ya miaka 15. Kitu kinachotoa sumu kidogo kidogo kina muda wa kutosha wa kumfikia.

Tuanze na silikoni, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapokosea bila kujua.

Silikoni tupu ikishaiva haimdhuru chura. Vioo vyenyewe vya kizimba chenu vimeunganishwa kwa silikoni. Tatizo ni vile vinavyoongezwa ndani yake. Silikoni ya bafuni na jikoni hutiwa dawa ya kuua kuvu ili kona za bafu zisiwe nyeusi, na dawa hiyo imekusudiwa itoke polepole kila maji yanapopita, kwa miaka. Bafuni hiyo ni sifa. Kwenye kizimba, maji yaliyobeba dawa hiyo yanakwenda kwenye tumbo la chura. Kwa kuwa mko Ujerumani, soma bomba lenyewe: ukiona "Sanitär", "fungizid" au "schimmelhemmend", liache. Mnalotafuta limeandikwa "Aquariensilikon", au limetaja waziwazi kwamba linafaa kwa tangi la samaki. Chukueni nyeusi, maana haitaonekana kati ya vipande vya gome.

Kuna kauli inayozunguka sana kwamba silikoni inayonuka siki ndiyo iliyo salama. Si kweli. Harufu ile ni asidi asetiki inayotoka wakati silikoni inaiva, na inakuonyesha namna inavyoiva tu. Silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuvu mara nyingi inanuka siki hiyo hiyo. Ziko pia zisizonuka siki, na baadhi yake zikiiva hutoa kemikali za jamii ya oksimu ambazo hata sisi binadamu tunaonywa tusizivute. Lebo ndiyo ya kuaminiwa hapa, pua haitoshi.

La pili kuhusu silikoni ni muda. Huiva kwa unyevu wa hewa, ikianzia nje kwenda ndani, kwa kawaida milimita 2 hadi 3 kwa siku. Ndani ya nusu saa huwa imeshafanya ngozi juu, na hapo mtu hudanganyika. Ni ule utando wa juu ya uji unaopoa: ukiugusa umekauka, chini yake bado. Hali huwa mbaya zaidi mtu anapoipaka kioo kizima kisha akagandamiza ubao juu yake. Katikati hewa haifiki, na ukija kuubandua baada ya wiki mbili utakuta bado inanata na inanuka. Dawa yake ni kuipaka mistari ya wima, kila mmoja ukiachana na mwenzake kwa upana wa vidole viwili, ili hewa ipite katikati.

Siku hiyo hiyo pakeni tone nene kama mistari yenu kwenye sahani kuukuu. Mtakapodhani kazi imeiva, likateni tone lile katikati kwa wembe, mguse kiini, mnuse. Kikiwa bado kinanata, ya ukutani nayo haijawa tayari, kwa sababu ile hata hewa inapata kidogo kuliko ya kwenye sahani. Mimi simweki chura kabla ya wiki nzima kupita hata kama tone limeiva mapema.

Povu la kopo ni poliurethani. Likiwa ndani ya kopo ni majimaji yenye kemikali kali iitwayo isosianati, gesi ya kulisukuma inayoshika moto haraka, na kwenye makopo mengi ya ujenzi, kemikali ya kuzuia moto. Isosianati ni hatari kwenu kabla hata hatujamfikia chura: mtu akiivuta inaweza kumletea pumu, na akishaipata, hata kiasi kidogo baadaye humsumbua. Ndiyo maana Ulaya makopo hayo yakiuzwa kwa watu wa kawaida huja na glavu, na tangu Agosti 2023 fundi anayeyatumia kikazi katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima awe amepewa mafunzo kwanza. Shemeji asilipulize sebuleni watoto wakiwa wamemzunguka. Kazi hiyo ni ya nje au kibarazani, kwa glavu na miwani.

Wafugaji aliowaona shemeji hutegemea jambo moja ambalo ni kweli: povu likishaiva lote, isosianati yake imegeuka kuwa plastiki tulivu. Uzito uko kwenye hilo "lote". Povu nalo huiva kwa unyevu. Ukipuliza tonge nene kama ngumi, nje hufanya ganda, na ndani hubaki mfuko wa ubichi ambao haupati hewa. Kemikali ya kuzuia moto nayo imechanganywa tu ndani ya plastiki, haijafungamana nayo, hivyo inaweza kutoka taratibu. Mwanga wa taa za UV hulifanya povu liwe la njano na kumong'onyoka. Nyenje mnaowalisha vyura hulitoboa. Na kwenye kioo kilicho laini na chenye unyevu halishiki kwa muda mrefu: baada ya miezi hujibandua upande mmoja na kuacha mwanya nyuma yake.

Kama moyo wa shemeji umeshalipenda, basi alinunue lile linalouzwa kwa ajili ya mabwawa ya samaki ya bustanini, aliache la milango na madirisha. Kioo kipakwe kwanza mistari ya silikoni ya tangi la samaki, ikwaruzwe ikwaruzwe ikishaiva ili povu lipate pa kushika. Povu lipulizwe kwa matabaka membamba, tabaka moja likae siku nzima kabla ya jingine. Mwisho ganda lote la nje likatwe kwa kisu hadi vitundu vya ndani vionekane, maana kukata huko ndiko kunakofungua mifuko ya ubichi. Liachwe hewani wiki mbili, kisha lifunikwe lote kwa silikoni ile ile au kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) isiyo na viyeyusho, pamoja na pembe na mashimo yasiyoonekana kwa mbele. Pasibaki povu tupu popote.

Kazi yote hiyo ina maana kwa vyura wadogo wa misitu ya mvua, wanaohitaji ukuta wenye mimea na unyevu wakati wote. Wa kwenu hawako hivyo. Chura wa kijani wa Australia anafika sentimita 10, ni mzito, na usiku anaruka akatua ukutani kwa uzito wake wote. Mimea laini anaing'oa, na chochote kilichobandikwa kijuujuu anakibandua. Kwao, Australia na Nyugini, anaishi hata sehemu zenye kiangazi kirefu, na ni maarufu kwa kuingia kwenye matangi ya maji na vyoo vya watu. Anataka sehemu ya kunyevuka usiku na kukauka mchana. Ukuta unaotota saa 24 humletea maradhi ya ngozi. Wapeni ukuta mgumu, mkavu kiasi, wenye mikwaruzo ya kushikia.

Huo wa stairofomu uliokuja na kizimba umetengenezwa kwa kazi hiyo, na sitakuambia kwamba unatoa sumu kwenye maji. Mimi huung'oa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni nyenje: wanautafuna, punje zinadondoka, na chura akimrukia nyenje hubeba mdomoni chochote kilicho jirani. Punje hizo hazimeng'enyeki, na zikizidi huziba utumbo. Ya pili ni mwanya. Ukuta huo huegeshwa tu, na nyuma yake hubaki nafasi ya kupitishia nyaya. Nyenje hujificha humo mnadhani wameliwa, na usiku hutoka kuwang'ata vyura waliolala. Chura mchanga wa sentimita 3 hupenya humo akashindwa kugeuka. Mkiamua kuuacha, zibeni kingo zote nne kwa silikoni. Ila msinunue stairofomu ya ujenzi mkaipaka rangi ya nyumba: viyeyusho vya rangi na gundi nyingi huiyeyusha, na rangi za kuta za nje hutiwa dawa ya kuvu kama silikoni ya bafuni.

Kuhusu usumba wewe huhitaji kufundishwa ni nini. Lakini fikiria usumba wenyewe unakotoka. Unguja, pwani ya kusini-mashariki, kina mama hufukia makumbi ufukweni kwa miezi, maji ya bahari yakipanda na kushuka juu yake, hadi yalainike wayaponde wapate nyuzi za kusokotea kamba. Bahari inaacha chumvi yake humo. Usumba unaouzwa Ulaya kwa bustani nao unaweza kuwa na chumvi kama haukusafishwa kwa maji baridi ya kutosha, na chumvi ikizidi hugeuza kazi ya ngozi ya chura: badala ya maji kuingia mwilini, hutoka. Kwa hiyo usumba wowote uloweke, ukamue, umwage maji, urudie mara kadhaa kwa maji ya bomba. Kuwa kitu cha asili hakukifanyi kiwe salama. Hata hiyo chumvi ni ya asili.

Ukishaoshwa, usumba hauna sumu. Kwa ukuta nauona dhaifu. Mikeka yake ina nyuzi ndefu ngumu, na chura akimkosa nyenje hurudi na nyuzi zimemkaa mdomoni. Ikilowa huota ukungu, kisha huoza. Zile chenga laini zinazobandikwa juu ya silikoni mbichi ni afadhali kuliko mkeka, lakini kwa vyura wazito hubanduka kidogo kidogo hadi ukuta unabaki na vipara. Zitandazeni sakafuni chini ya majani makavu, huko zinafanya kazi nzuri.

Sasa gome la mwaloni. Mti huo humea Ureno, Hispania, Moroko na Algeria, na gome huchubuliwa mti ukiwa umesimama na kuendelea kuishi. Ureno sheria hairuhusu kuuchubua tena kabla ya miaka 9. Gome lenyewe limejaa vitundu vidogo vyenye hewa na nta inayozuia maji, hivyo haliozi haraka na halinywi maji. Linachotoa kwenye maji ni rangi kidogo ya kahawia, ile inayotoka kwenye magome na majani makavu, nayo haiwadhuru. Ni jepesi, kwa hiyo hata likidondoka halimsagi mtu. Sura yake ina mikunjo na mabonde ambamo vidole vya chura hupata pa kushika, na yeye mwenyewe hulala ndani ya bonde la gome mgongo ukilingana na ukuta.

Linauzwa kwa namna mbili. Kuna magome mazima, yaliyopinda yalivyotoka mtini, na kuna mbao bapa za punje zilizoshindiliwa. Hapa kwenye mbao pana mtego. Zile nyeusi, ambazo Wajerumani huziita "Backkork", hutengenezwa kwa kuzipasha punje kwa mvuke mkali hadi nta na utomvu wao wenyewe unazishikamanisha, bila gundi. Zinanuka moshi kidogo mwanzoni, na harufu hiyo hupungua zikipigwa na hewa. Zile za rangi ya kahawia isiyokolea, za sakafuni au za kubandikia matangazo, zimeshikwa kwa gundi ya kiwandani, na nyingine zimepakwa vanishi. Chukueni nyeusi. Dukani muulizeni muuzaji kama kuna gundi ndani. Akisita, ulizeni kwingine.

Ubao wa unene wa sentimita 2 unatosha. Ukateni uwe mdogo kuliko kioo kwa milimita 2 au 3 kila upande. Umwagieni maji yanayochemka pande zote mbili, muusugue kwa brashi bila sabuni, kisha muuache ukauke kabisa, hata kama itachukua siku tatu, kwa kuwa silikoni haishiki gome lenye unyevu. Kilazeni kizimba chali. Pakeni mistari ya wima niliyosema, weka ubao, uzito juu yake kiasi cha vitabu viwili vitatu. Kingo msizibe siku hiyo. Acheni wiki nzima hewa ipite nyuma ya ubao, ndipo mzungushe mstari wa silikoni pembeni zote ili nyenje wasipate pa kuingilia, na mstari huo mpya nao upewe siku zake. Nimeona kazi nzuri sana ikiharibika kwa kuziba kingo mapema: ubao umeshika imara, na silikoni ya katikati imebaki mbichi kwa mwezi.

Magome yaliyopinda mnaweza kuyasimamisha mbele ya ubao, na hayo ndiyo watakayoyapenda zaidi. Angalieni matundu tu. Tundu liwe wazi kiasi cha chura mkubwa kugeuka ndani yake, au lizibwe kabisa. Tundu la kati na kati ndilo linalomnasa.

Vitu vingine nivipitie haraka. Mbao za msonobari na mwerezi zina utomvu wenye harufu kali, ziacheni. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, zina shaba, na shaba ni sumu kwa vyura hata kwa kiasi kidogo. Kwa sababu hiyo msitumie pia waya wa shaba, wala waya wa mabati kwa kuwa zinki nayo hutoka ikilowa. Mbao za kushindilia za fanicha hufura kwa maji na gundi yake hutoa formaldehidi, gesi yenye sumu. Saruji inafaa, ila ikiwa mpya hugeuza maji kuwa makali ya kuunguza ngozi, na inabidi ilowekwe na kubadilishiwa maji kwa wiki kadhaa hadi kipimo cha ukali huo (pH) kishuke. Kwa kizimba cha ukubwa wenu ni uzito wa bure. Mawe bapa ni salama yakigandishwa kwa uhakika, lakini yenye makali hukwaruza ngozi. Mbao za shina la mkangaga mkubwa wa Amerika ya Kusini ni nzuri kwa mimea, ila mikangaga hiyo inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo zisizo na hati msizinunue.

Kitu kimoja nakuomba usikiruhusu, hata kama ni bure: magome, matawi na kuvumwani wa kuokota msituni, kisha kuweka hivyo hivyo. Kuna kuvu wa ngozi ya amfibia (vyura na jamaa zao), Batrachochytrium, anayesafiri na unyevu na ameangamiza vyura katika mabara mengi. Sisi Watanzania tuna kidonda chetu. Mabonde ya Kihansi, kando ya milima ya Udzungwa, yalikuwa na chura mdogo wa njano asiyekuwepo popote pengine duniani. Baada ya maji ya maporomoko kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, vyura 499 walipelekwa Marekani mwaka 2000 wakafugwe kwenye matangi ya kioo. Mwaka 2003 waliobaki porini walipukutika ghafla, na kuvu huyu akakutwa kwao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini wamekwisha. Waliorudishwa Kihansi kuanzia mwaka 2012 ni kizazi cha wale waliolelewa kwenye matangi.

Kuvu huyo hufa akikauka kabisa, na hufa ndani ya dakika chache kwa joto la nyuzi 60. Tawi la mti wa majani mapana lililokauka mnaweza kulitumia mkilichemsha au kulioka kwenye oveni kwa nyuzi 100 saa nzima mkiwa hapo hapo jikoni. Msilisafishe kwa dawa za kuua vijidudu zenye harufu ya msonobari. Kemikali zake za fenoli huingia kwenye vitundu vya mti na hazisuuziki, nazo huua vyura. Vilevile udongo na maji mnayotoa kizimbani msiyamwage kwenye bustani au mto wa Hamburg. Vyura wa huko hawana kosa.

Mkikutana na kitu ambacho sijakitaja, kateni kipande, mkitie kwenye chupa ya kioo yenye maji safi, mfunike na kuiacha siku tatu mahali penye joto. Fungueni mnuse. Tazameni juu ya maji dhidi ya mwanga. Tikiseni. Harufu ya kemikali, utando wa mafuta wenye rangi rangi, au povu lisilotoweka, kimojawapo kinatosha kukikataa. Rangi ya kahawia peke yake si kosa. Jaribio hili linakamata vibaya vilivyo wazi tu. Dawa ya kuvu kwenye silikoni haionekani wala hainuki ndani ya chupa, ndiyo maana nimekusisitizia lebo.

Vyura msiwahurumie kwa kukaa kwenye boksi la plastiki wiki mbili tatu. Likiwa na matundu ya hewa, karatasi ya jikoni isiyo na manukato iliyoloweshwa, bakuli la maji yaliyoondolewa klorini na kipande cha gome cha kujificha, wako sawa, mradi karatasi ibadilishwe kila siku. Ukuta ukishaiva, suuzeni kizimba kizima kwa maji ya vuguvugu, mnyunyizie asubuhi na jioni siku chache mlango ukiwa wazi, kisha fungeni usiku mmoja. Asubuhi fungueni, muingize kichwa ndani mnuse. Mkisikia harufu ya siki, ya rangi au ya plastiki, wasiingie bado.

Wakishaingia, wiki ya kwanza awaangalie kijana kila jioni. Chura anayeteseka na kitu cha ukutani mara nyingi hukataa kugusa ukuta: anahangaika, anasukuma pua kwenye kioo cha mlango, au anashinda ndani ya bakuli mchana kutwa. Wengine hubambua ngozi mara kwa mara, hutoa ute mwingi, tumbo na mapaja huwa mekundu, au miguu hukakamaa wakashindwa kuikunja. Ukiona hivyo usisubiri kesho. Mrudishe kwenye boksi, kwenye maji safi ya kina kifupi yasiyofika puani, uyabadilishe baada ya saa moja, na umpigie daktari wa wanyama anayewajua amfibia. Si kila daktari wa paka na mbwa anawajua. Chama cha DGHT cha Ujerumani huweka orodha ya madaktari wa amfibia na reptilia, itafuteni sasa kabla hamjaihitaji.

Na kama bajeti imebana mwezi huu, kuna njia isiyo na hatari yoyote: bandikeni karatasi nyeusi au kitambaa kizito nje ya kioo, nyuma na pande mbili. Chura hupunguza wasiwasi akizibwa pande tatu, hapigi tena pua kioo, na hakuna kilichoingia ndani. Ongezeni magome mawili ya kusimama, tawi nene na mmea wa plastiki. Wanaweza kukaa hivyo hata mwaka mzima bila kudhurika.

Kijana anaweza kukata ubao, kuusugua na kupanga magome. Silikoni na povu aviachie wakubwa. Mkisimama dukani na bomba mkononi mkashindwa kuamua, nipigieni picha ya maandishi yote ya nyuma, hata yale madogo kabisa, mnitumie kabla hamjalipa.